Jicho la Zena na Mdomo wa Bi Tausi

Mnakuja kwangu, wajukuu zangu, mmeshika simu, mnanisogezea kioo mpaka kinakaribia kunigusa pua, mnasema: "Bibi, angalia hii foto, utupe maoni." Naangalia. Ndani ya kioo kuna giza, na ndani ya giza kuna meno. Nauliza, huyu ni nani? Mnajibu ni dada yenu, mlimpiga jioni ndani ya nyumba, umeme ulikuwa umeenda. Nahangaika kumtafuta dada yenu. Kisha nasema ninachokiona, na nyuso zenu zinanyauka kama sombe, majani ya muhogo yaliyochumwa juzi. Kesho yake hamrudi. Mnaenda kwa wenzenu, na wenzenu wanawapa mioyo midogo myekundu. Hongereni. Mimi sina mioyo ya kugawa. Ninao mmoja, na wenyewe unachoka nikipanda ngazi.

Nilianza kazi ya foto hapa Baraka nikiwa msichana, wakati wa Wabelgiji, na kazi yangu ilikuwa giza. Sisemi kwa mafumbo. Baba mdogo Saidi, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuwa na kamera na duka dogo kwenye njia ya soko. Yeye alipiga watu nje, mchana, mbele ya ukuta aliopaka chokaa, jua likiwa utosini, kila mtu amekunja uso kama aliyemeza ndimu. Lakini zilikuwapo nyumba za jamaa za Kiislamu pale kando ya ziwa ambako mwanaume wa nje haingii vyumba vya ndani, na mabinti wa nyumba hizo hawakutoka kwenda kusimama sokoni mbele ya ukuta wa mtu. Baba mdogo alifikiri sana, akakumbuka kwamba nyumbani kwake yuko binti wa ndugu yake anayekula bure. Ndivyo nilivyopata kazi. Mkisikia watu wakisema Bibi Sikujua, maana ndilo jina langu, alizaliwa na kipaji, waacheni waseme.

(Mjukuu anayeniandikia haya ananinyoosha Kiswahili changu. Maneno ya watu wengine nimemkataza kuyagusa. Walisema walivyosema.)

Chumba cha ndani cha wakati ule kilikuwa na kuta nene za matofali ya udongo na dirisha moja, ukubwa wa sahani. Filimu zenyewe zilikuwa nzito kuona, kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Basi unafungua jicho la kamera, unaliacha wazi, na mtu wako anakaa kimya asitikisike mpaka mwanga utoshe. Saa sikuwa nayo, nikapima kwa sala. Karibu na mlango, Bismillahi peke yake ilitosha. Katikati ya chumba, Fatiha nzima, polepole. Kwenye pembe, Fatiha na sura nyingine fupi juu yake, na hapo usimkalishe mtu mwenye kikohozi. Baba mdogo aliponisikia alikasirika. "Sala si saa," alisema. Nikamwambia anipe saa yake ya mkononi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Maoni niliyapata kwa wingi. Baba mdogo aliangalia kila foto niliyoisafisha, akasema, "Iko muzuri." Alisema hivyo kwa zote. Safari moja mama mmoja aliyetoka Mboko aligeuza kichwa nikiwa katikati ya Fatiha, akatoka na pua mbili. Nikapeleka foto kwa baba mdogo. Akaishika, akaitazama. "Iko muzuri," akasema. "Umemupatia na ya akiba." Majirani nao walisema, "Ee, foto," kwa sauti ya mtu aliyeona foto. Wenye sura zao hawakutazama zaidi ya hereni na nguo; zikionekana, wameridhika. Kwa maoni ya namna hiyo nilikua haraka sana. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa fundi mkubwa, na aliyeujua ufundi huo ni mimi peke yangu.

Sasa nisikilizeni habari ya Zena.

Zena alikuwa binti wa Mama Mwavita, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Tulilingana umri, tulisukana nywele, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, ingawa mbele ya wakubwa aliuficha. Alikuja kuposwa na kijana aitwaye Ramazani, mzaliwa wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, aliyekuwa akifanya kazi mjini Usumbura kwenye mashini za kukata mbao. Wazee walikuwa wameshasikilizana. Kijana aliomba kitu kimoja tu, foto ya mchumba.

"Sikujua, mutoto wangu," Mama Mwavita aliniambia, "umupige muzuri. Ule bwana hajamuonaka."

Nilikuwa nimejiandaa. Dukani kwa baba mdogo kulikuwa na gazeti la Wazungu, sijui nani alilisahau, na ndani yake picha ya mwanamke aliyekaa pembeni ya dirisha, nusu ya uso iko kwenye mwanga na nusu imezama gizani. Nililipenda gazeti lile mpaka kurasa zikachanika. Basi nikamkalisha Zena ubavuni mwa dirisha, nyuma yake ukuta mweupe wa chokaa, nikampaka poda usoni ili mafuta yasing'ae, kama baba mdogo alivyonifundisha. Nikasoma Fatiha. Zena akapumua katikati, nikaona si neno.

Foto ilitoka kama ya gazetini. Nusu ya uso mwangani, nusu hakuna kitu. Baba mdogo akasema iko muzuri. Mama Mwavita akalia kwa furaha kwa sababu hereni imeonekana, moja. Zena akaitazama, akasema, "Sikio langu limetoka vizuri," na mimi nikalichukua neno lile kama sifa. Foto ikavuka maji kwenda Usumbura.

Jambo ambalo gazeti halikuniambia ni hili: mwanamke wa Kizungu akiwa na nusu uso gizani, hiyo ni sanaa. Zena akiwa na nusu uso gizani, hicho ni kilema.

Ramazani aliipokea ile foto akiwa na wenzake wa kazi. Wakaipokezana. Mmoja akaigeuza huku na huku, akauliza, "Na jicho ya pili?" Hapo kila mtu akaliona pengo. Habari zikarudi Baraka kwa mashua kabla hata ya salamu, na zikafika sokoni kabla ya kufika kwa wenyewe. Zena wa Mama Mwavita ana jicho moja. Watu waliomwona Zena tangu anatambaa walianza kusema, kweli, sasa nikikumbuka, upande mmoja alikuwa hatazamitazami. Kule tunakofulia nguo wanawake walimsogelea wakamchungulia usoni kwa huruma. Mama Mwavita akaacha kula. Posa ikivunjika kwa sababu kama hiyo, hakuna nyumba nyingine itakayobisha hodi. Watu hawatakumbuka kwamba ilikuwa foto, watakumbuka jicho.

Na mimi? Mimi nilisema watu hawaelewi sanaa. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiwa nyuma ya duka, mahali ambapo hakuna anayenisikia.

Ubwari ikamleta Bi Tausi.

Huyu alikuwa shangazi yake Ramazani, aliyemlea tangu mama yake afe. Alishuka kwenye mashua asubuhi, mfupi, mweusi wa kung'aa, kanga amejifunga kifuani kama mtu anayekuja kubeba mizigo. Nilikuwa nimeitwa kwa Mama Mwavita, nikae pembeni nisubiri hukumu. Bi Tausi aliamkiwa, akaitika, akanywa maji, akauliza hali ya kila mtu mpaka mbuzi, kwa sababu adabu ni adabu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Zena, kuya hapa kwa mulango."

Zena akaenda. Bi Tausi akamwinua kidevu kwenye mwanga.

"Funika ile ya kushoto. Hizi vidole ni ngapi?"

"Tatu, shangazi."

"Sasa ya kuume. Ngapi?"

"Mbili."

Bi Tausi akamwachia kidevu. "Macho iko mbili," alisema. "Mi nimevuka maji juu ya kuhesabu macho ya mutoto ya watu, na nimehesabu. Sasa ile moja, nani aliikula?"

Wote wakanitazama.

"Njo weye mupiga foto?"

"Njo mi, shangazi," nikakiri kwamba ndimi.

"Unaonaka muzuri?"

"Naonaka."

"Basi shida haiko macho." Akaitoa ile foto kwenye pindo la kanga. Ramazani alikuwa ameituma kwake. Akaishika mbali kwa urefu wa mkono, kisha karibu, kisha mbali tena. Wajukuu zangu, hakuna mtu aliyewahi kuangalia kazi yangu muda mrefu namna ile. Nilidhani atasema neno jema.

"Hii ukuta umeipiga muzuri sana," alisema. "Nyeupe, safi, hata ufa naona. Kama niko na kijana ya kuoa ukuta, leo ningeleta mahari. Hapa ilikuwaka jicho, sijui umeizika fasi gani. Na huyu mutoto, alianguka mu unga? Juu ya nini ulimufuta mafuta? Uso bila mafuta inakunywa mwangaza, inabaki majivu. Na hii kichwa nayo, ilikuwa na safari?"

Nilitoka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na nililia vizuri, kwa ufundi mkubwa. Nilimpa Bi Tausi majina ambayo mjukuu amekataa kuyaandika. Moshi wa jiko ukaniingia machoni, nikapata sababu ya kuendelea.

Lakini mtu hawezi kulia siku nzima, anachoka. Nilipochoka nilianza kuyachambua maneno yake, kama mnavyochambua maharagwe, mawe upande huu, maharagwe upande ule. Mahari ya ukuta ni jiwe, nikalitupa. Lakini ufa ameuona kweli, na mimi mwenyewe sikujua kama ukuta ule una ufa. Basi mwanga ulikuwamo chumbani, ila ulikwenda ukutani, na mimi nikapima mwanga wa chokaa badala ya mwanga wa uso wa mtu. Kuzika jicho ni jiwe. Lakini upande wa pili wa uso haukupata chochote cha kuurudishia mwanga. Unga ni jiwe. Poda ni kweli. Safari ya kichwa ni jiwe, tena kubwa. Lakini Zena alipumua, na kisogo chake hakikuwa na kitu cha kuegemea. Nilipomaliza kuchambua, maharagwe yalijaa sahani. Baba mdogo kwa muda wote huo hakunipa hata punje moja, na nilimpenda sana.

Nikarudi ndani macho yamevimba. "Shangazi," nikauliza, "nikimukalisha karibu na mulango, uso umetazama inje?"

"Mi si mupiga foto," Bi Tausi akajibu. "Mi naona tu."

"Basi kesho ukae pale nyuma yangu, uniambie unaona nini."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyotazama mtu. "Ntakaa," alisema.

Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza, na ninyi bado. Mnasema, "Bibi, unaonaje?" Hilo si swali. Huko ni kuomba tonge. Muulize mtu: jicho lako limeenda wapi kwanza? Limekwama wapi? Kuna kitu hukioni? Atakujibu hata kama hajawahi kushika kamera, kwa sababu umemuuliza habari za jicho lake, na jicho lake analijua. Kisha nyamaza. Usianze kumweleza kwamba umeme ulikuwa umeenda. Umeme hauko ndani ya foto.

Asubuhi ya pili, jua likipanda kutoka upande wa Ubwari, tulifungua mlango wa uani. Nikamkalisha Zena ndani, hatua moja kutoka kizingiti, mwanga wamfikie lakini jua lisimguse. Nyuma yake nilitundika blanketi la kahawia, chokaa tukaipumzisha. Kisogo nikakiegemeza kwenye nguzo, na kitambaa katikati nguzo isimwumize. Mama Mwavita akampaka mafuta kidogo, paji la uso na mashavu, akayasambaza kwa kidole gumba. Upande wa giza nikataka shuka nyeupe iurudishe mwanga, na kwa kuwa mikono ya Mama Mwavita ilijaa mafuta, hapakuwa na mtu wa kuishika isipokuwa mgeni.

"Mi nimekuya kushika mashuka?" Bi Tausi aliuliza, akaishika.

"Jicho yako inaenda wapi kwanza, shangazi?"

"Kwa shuka. Inaniumiza mikono."

"Kwa Zena."

Akatazama. "Shavu ya kushoto iko muzuri. Chini ya macho kungali usiku." Nikamwambia ainue shuka. Akainua. Usiku ukaondoka chini ya macho ya Zena, mbele yetu wote, kama mtu amefunua chungu. Nikasoma Fatiha polepole kuliko siku zote, na nilimaanisha kila neno.

Niliisafisha foto jioni ile katika chumba cha baba mdogo, chini ya taa iliyofungwa kitambaa chekundu, nikaiosha kwa maji ya ziwa niliyochuja mara nyingi kwa kitambaa. Uso ukapanda juu ya karatasi polepole: kwanza macho, yote mawili, kisha mfupa wa shavu, kisha ile mikunjo midogo kando ya mdomo inayoonyesha kwamba Zena anajizuia kusema. Sikuwa nimewahi kuona ngozi yetu ikitoka hivyo kwenye karatasi, nyeusi yenye mambo mengi ndani yake. Nikampelekea baba mdogo. "Iko muzuri," alisema.

Baadaye sana zilikuja taa za kulipuka, na kila mtu wa Baraka akapata sura ya mtu aliyefumaniwa. Watu wakazipenda, kwa sababu zilikuwa ghali. Lakini hiyo ni habari ya uharibifu mwingine.

Kesho yake Zena aliishika foto yake kwa mikono miwili. Aliitazama mpaka mama yake akaanza kukohoa. "Kumbe mi niko hivi," alisema taratibu. Kisha akainua kichwa. "Na yake iko wapi?"

"Yake nani?" mama yake akauliza.

"Ya ule bwana."

"Zena, nyamaza. Mwanamuke haombe foto ya mwanaume."

"Yeye aliuliza kama niko na macho. Na mi naweza kuuliza kama ako na miguu."

Mama Mwavita akafunika uso na kanga. Nikamtazama Bi Tausi, nikingoja radi. Alikuwa kimya, na kwa sababu sikuwahi kumwona kimya nilidhani amepatwa na ugonjwa. Mwishowe akasema, "Mutoto anasema kweli. Ntamuambia alete."

Foto ya Ramazani ilikuja kwa mashua, ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, na Bi Tausi akavuka tena kuja nayo. Tulikaa chumbani, yeye, Mama Mwavita, Zena na mimi. Ilipigwa kwenye studio ya mji. Nyuma, pazia lililochorwa mto na ndege weupe ambao ziwa letu halina. Mezani, redio kubwa kama sanduku la nguo. Ramazani mwenyewe amevaa koti, mkono wa kulia juu ya redio, wa kushoto mfukoni, na uso umemwagiwa taa kutoka mbele mpaka umekuwa bapa kama sinia.

"Weye fundi, unasemaka nini?" Bi Tausi akaniuliza.

Nikakohoa kama fundi. "Taa zote ziliwekwa mbele. Uso hauna mashavu."

"Mashavu ako nayo," alisema Bi Tausi. "Redio njo hana."

Zena hakucheka. Alikuwa ameiinamia foto kama Bi Tausi alivyoiinamia yake. "Jicho yangu imekwama hapa," alisema, akaweka kidole. "Huu mukono."

"Uko mu mufuko," mama yake akasema upesi. "Bijana ya mujini banasimamaka vile."

Bi Tausi akaweka kikombe chini. Akakisukuma kidogo, akakivuta, akakisukuma tena. "Vidole mbili haiko," alisema. "Mashini ya mbao iliibeba. Nilikatazwa kusema. Hakuna mutu alikuwa amenikataza kujibu."

Hapo ulimi wa Zena, ule aliouficha mbele ya wakubwa miaka yote, ukatoka wote.

"Anakosa vidole mbili," alisema, "na alituma batu kuhesabu macho yangu."

"Walimucheka," Bi Tausi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Foto ilipofika, benzake balisema vidole tatu imepata jicho moja, Mungu anajua kupima. Aliniambia yeye mwenyewe. Alilia. Mi sikumulea juu ya kulia, lakini alilia."

Mimi nilitazama mkeka. Nilikuwa nimefikiri foto yangu imemuumiza mtu mmoja.

Hasira ya Zena ilikuwa bado, niliiona kwenye pua. "Shangazi," alisema, "umuambie: niko na macho mbili, na yote mbili imeona mufuko yake. Anataka kuoa, akuye yeye mwenyewe. Foto nimechoka nayo."

Mama Mwavita alisema tumeangamia. Bi Tausi alisimama, akajifunga kanga upya. Nilikuja kusikia kwamba alilifikisha neno lile bila kupunguza kitu, na kwamba aliongeza.

Ramazani alikuja. Alikuja na wazee wawili wa Ubwari, wakakaa barazani na wazee wa nyumba, na sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la mlango, Zena mbele yetu wote. Alikuwa mwembamba kuliko foto, na mashavu kweli alikuwa nayo. Walipomaliza salamu, mzee mmoja akamuuliza habari za safari. Akajibu, "Nimefika salama." Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka juu ya goti mahali ambapo jua la barazani lilifika, vidole vitatu na makovu mawili. "Na huu nimekuya nao," alisema.

Zena alitazama kupitia upenyo wa pazia kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mama yake na kutikisa kichwa kukubali.

Nilimuuliza baadaye, tukisukana, kwa nini alikubali. "Alikuwa na woga, na alikuja na woga yake," alisema. "Halafu, mi naingia mu nyumba yenye shangazi hajui kudanganya. We unajua wangapi wanaolewa bila kitu kama ile?" Waliishi Usumbura, kisha wakarudi Ubwari, wakazaa watoto saba, wote wenye macho mawili mawili. Waligombana kama watu wote.

Siku chache baada ya arusi niliwapiga pamoja, pale pale mlangoni, blanketi nyuma. Nilipompelekea Bi Tausi nikamuuliza jicho lake limekwama wapi. Akaangalia mbali, akaangalia karibu. "Haikwami," alisema. Nikangoja jiwe lifuate. Halikufuata. Badala yake akasema, "Sasa mi."

Basi nikamkalisha. Alikuwa na uso ambao mpiga foto anauota, mikunjo kama mashamba ya mlimani, kila mmoja na kivuli chake. Lakini siku ile kulikuwa na mawingu, nikahitaji Fatiha na sura juu yake. Nikamwomba asitikisike. Hakutikisika. Kichwa, mabega, mikono, vyote kama jiwe. Kitu kimoja tu hakikutulia: tangu nafungua jicho la kamera mpaka nalifunga alikuwa akimwambia Zena kwamba anaishika shuka kama mtu anayeshika samaki aliyeoza, na mimi kwamba miguu ya kamera yangu imepinda, na mwanga kwamba umechelewa.

Foto ilitoka. Macho, pete, kila ua la kanga, hata kovu dogo kwenye nyusi, vyote kama umechora kwa sindano. Mahali pa mdomo palikuwa na moshi.

Aliitazama. "Na mudomo?"

"Shangazi," nikasema, na nilisema polepole, maana nilijua sitaipata nafasi hiyo tena, "uliendelea kusema. Foto ya gizani inataka mutu anyamaze kidogo."

Akafikiri. Nilimwona akitupa mawe upande mmoja. "Ni kweli," alisema. "Piga tena."

Mara ya pili alifunga mdomo. Ilimgharimu, jasho lilimtoka kwenye paji. Na foto ile, wajukuu zangu, nawaambia kama fundi, ndiyo foto bora niliyoipiga maishani mwangu, ya chumbani au ya nje. Akazichukua zote mbili akavuka nazo.

Miaka ilipita kabla sijaenda Ubwari mwenyewe kupiga arusi nyingine. Bi Tausi hakuwapo siku ile, alikuwa amekwenda kwa wagonjwa kijiji cha pili, na Zena akanikaribisha nyumbani kwa shangazi huyo wa mumewe. Ukutani, ndani ya kioo, palikuwa na foto moja: ile ya moshi. Nikauliza nyingine iko wapi, ile nzuri.

"Ile tuliificha mu sanduku," Zena alisema. "Kila mugeni akiona mudomo imefunga, alitupatia pole ya musiba."